Je, upana wa pua unatosha kuchagulia meno bandia ya mbele?

Fundi wa Kadutu
Wakubwa zangu, ninatengeneza meno bandia hapa Bukavu. Mama mmoja mzee amepoteza meno yote ya juu. Nilifundishwa kwamba mistari miwili ikishushwa wima kutoka kwenye mabawa ya pua hufika kwenye ncha za chonge, hivyo pua hutoa upana wa meno ya mbele. Kwa mama huyu kanuni hiyo inanipa meno mapana mno, yasiyoenea kwenye ufizi wake. Je, kila kabila lina vipimo vyake?

Daktari wa Ibanda
Ndugu fundi, kanuni nyingi za aina hiyo zilitokana na nyuso za Wazungu. Ile isemayo kwamba jino la kati la juu ni sehemu moja ya 16 ya upana wa uso kwenye mifupa ya mashavu inanukuliwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1914 J. Leon Williams alieneza wazo kwamba jino hufuata umbo la uso lililopinduliwa. Waliopima baadaye walikuta uhusiano hafifu. Pua ndiyo inayopotosha zaidi: kwa wastani pua zetu ni pana kuliko za Wazungu kwa milimita kadhaa, ilhali meno yetu, ingawa nayo ni makubwa kidogo, mara nyingi hayazidi ya kwao hata kwa milimita moja kwa kila jino.

Mama Furaha
Mimi sitafuti jedwali la makabila, na sisi wa Kivu tunajua vipimo vya pua vya wakoloni wa Kibelgiji viliwafikisha wapi majirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi. Isitoshe, katika kundi lolote watu hutofautiana wao kwa wao kuliko wastani wa makundi unavyotofautiana. Tafuta picha yake ya zamani akicheka. Ikiwa kwenye picha mboni za macho zimeachana milimita 20 na jino la kati lina milimita 2.8, na leo mboni zake zimeachana milimita 62, basi jino lilikuwa na takriban milimita 8.7. Muulize pia kama alikuwa na mwanya. Ukiuziba, jamaa zake wataona sura ya mtu mwingine.

Fundi wa Kadutu
Asante sana. Picha ya arusi ipo, na mwanya unaonekana wazi.

Daktari wa Ibanda
Hakikisha alitazama kamera moja kwa moja, kwa maana kichwa kikigeuka hata kidogo vipimo hupungua. Kisha upange meno kwenye nta, mama aketi wima, azungumze na kucheka mbele ya kioo, na asipokubali usipike akriliki, yaani plastiki ya meno bandia.