Mafunzo, mazoezi, kwata, kufundwa: wewe ulipitia lipi? Tupeane uzoefu

Mzee_wa_Bondeni (Nakuru)
Hamjambo wakuu. Binti yangu amemaliza uuguzi na anaandika barua ya kuomba kazi kwa Kiswahili. Aliandika: "Nimepata mazoezi ya miaka mitatu." Nikamwambia hapo ni mafunzo. Akaniuliza, "Na ile miezi niliyoshinda wodini nikichoma sindano, nayo ni mafunzo?" Nikakwama, maana hayo ni mazoezi kweli. Hata walimu husema mafunzo ya ualimu, halafu mwanachuo akipelekwa shuleni kushika chaki wanasema yuko kwenye mazoezi ya kufundisha.

Tangu siku hiyo nayageuza maneno haya kichwani. Funda, funza, fundisha, mafunzo, mkufunzi, mwanafunzi, hata fundi, yote ni shina moja: yupo mwenye kujua, na wewe unatiliwa. Zoea, zoeza, mazoezi ni shina jingine: mwili unarudia mpaka ukubali. Na huu uzoefu tunaopeana humu unatoka kwenye zoea, hautoki kwenye funza. Naomba kila mmoja aseme alichopitia, na kwao walikiitaje.

Sindano_Kibuye (Kisumu)
Mimi ni fundi wa nguo. Shangazi alinipeleka kwa fundi mmoja mwaka 2009, tukalipa ada ya kufunzwa. Wiki mbili za kwanza sikugusa uzi. Nilipewa gazeti lililochorwa mistari, cherehani haina uzi, nikanyage pedali sindano ifuate mstari. Ukipotoka, matundu yanakusema. Mistari ikawa ya kupinda, kisha ya mviringo kama shingo ya gauni. Mpaka leo nikipokea mwanagenzi naanza naye kwa gazeti.

Lakini kukata sikufunzwa. Kitambaa kikitandazwa tu mezani, natumwa. Chai, maandazi, vifungo, mkaa wa pasi. Nikirudi nguo imeshakatwa. Mwanzoni nilidhani naaminiwa ndiyo maana natumwa mimi. Baadaye nikafahamu kwamba mkasi ndio riziki, na hakutaka kesho nifungue kibanda ng'ambo ya barabara. Basi jioni nikifagia, nilikuwa naokota vile vipande vya chini ya meza, naenda kuvipanga sakafuni nyumbani nikitafuta umbo lililotoka katikati yake. Kwapa la blauzi nililijua kwa kutazama tundu lililobaki kwenye kitambaa.

Sasa niambieni, hayo yaitweje? Ada nililipia mafunzo.

Mzee_wa_Bondeni
Dada Sindano, hapo kwenye tundu la kwapa nimesoma mara mbili. Hayo ulijifunza. Hilo "ji" lako ni zito.

Nira_Chwele (Bungoma)
Nami nitasema ya ng'ombe, msinione nimetoka nje ya mada. Maksai mchanga hafungwi plau siku ya kwanza. Unamfunga nira moja na mkubwa aliyezoea, wanavutishwa gogo uwanjani siku kadhaa, asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Yule mkubwa anazijua sauti. Unaposema simama, anasimama, na shingo ya mdogo inasimamishwa na nira kabla masikio yake hayajaelewa chochote. Siku zikienda, mdogo anaanza kusimama kwa sauti, nira haijamvuta.

Mimi nilikuwa darasa la tano, kazi yangu kutangulia na kamba. Siku moja nilimchapa mdogo usoni kwa kuwa alilala mtaroni. Baba alininyang'anya fimbo akasema, "Ukimchapa hapo atakujua wewe, kazi hataijua." Tulikaa naye mtaroni mpaka akainuka mwenyewe. Watu wa kwetu husema tunafundisha ng'ombe, lakini nilivyoona mimi, mwalimu ni ng'ombe mwenzake.

Kuruti_wa_Zamani (Gilgil)
Nilipita Huduma ya Vijana kwa Taifa. Huko neno ni kwata. Kulia geuka, nyuma geuka, mpaka unageuka ndotoni. Kilichonibakia ni kutandika kitanda na kuamka kabla ya jogoo. Na watu: wale wanne niliolala nao chumba kimoja ndio walionizikia baba.

Somo_wa_Mvita (Kakamega)
Nimeolewa huku nikitoka Mombasa. Siku moja niliwaambia mawifi, "Mimi nimefundwa." Wakanisahihisha: "Umefundishwa." Sikuwa nimekosea. Kufundishwa ni hesabu na jiografia. Kufundwa ni kuketi ndani na somo wako, mtu mzima anayekutakia mema, akakueleza ndoa, usafi wa mwili, ulimi, la kusema na la kunyamazia. Hupewi cheti. Watu hukutazama miaka ikipita, wakasema huyu amefundwa akafundika, au amefundwa hakufundika.

Linaloniuma ni jinsi neno hili zuri lilivyoingizwa ukali. Timu ikifungwa mabao manne, imefunzwa adabu. Mtoto akichapwa, kafunzwa adabu. Hata Zanzibar, gereza jina lake rasmi ni Chuo cha Mafunzo, ingawa hapo naona aliyelipa jina alikuwa na nia njema. Somo wangu hakunipandishia sauti hata siku moja, na maneno yake ninayo yote.

Mhudumu_Busia
Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Tuliitwa mafunzo ya siku tatu ukumbini. Chakula kizuri, nauli, kalamu, picha ukutani. Mashine ya kupima presha ilikuwa moja, sisi watu thelathini. Niliigusa mara moja, nayo ilikuwa imeshafungwa kwenye mkono wa mwenzangu. Siku ya tatu tukapewa vyeti.

Nyumba ya kwanza niliyoingia nilimkuta bibi wa miaka sabini hivi. Nikamfunga ule mkanda juu ya sweta, mpira umeelekea nyuma. Namba iliyotoka ilinitisha, nikamtisha na yeye. Wiki nzima nilikuwa narudi jioni kupima majirani, mume, watoto, mpaka mikono ikajua. Wanaotuandalia haya, punguzeni picha za ukutani mtuletee mashine tano.

Mzee_wa_Bondeni
Mhudumu, umenigusa panapouma, na hili sikutaka kulisema pale mwanzo. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana, mkono wa kulia ukalala. Mtaalamu wa viungo alitupa kazi ya bakuli mbili na mahindi makavu: toa punje huku, weka kule. Asubuhi ya kwanza alihamisha tatu, akalia.

Kila siku nilikuwa namwambia, "Mama, tufanye mazoezi." Siku moja akanikatiza. "Mazoezi ni ya hao wanaokimbia barabarani. Mimi naufunza huu mkono. Ulikuwa unajua, umesahau." Kisha akausemesha kwa sauti ileile aliyonifunza nayo kufunga kamba za viatu: "Njoo. Shika. Polepole. Hapana, anza tena." Mimi niliyewaandikia hapo juu kwamba mafunzo ni mtu na mazoezi ni mwili, nimemwona mtu akiwa mwalimu wa mwili wake mwenyewe.

Jana binti alimwekea ndengu badala ya mahindi. Ya kwanza ilimponyoka mara nne. Ilipoingia bakulini tuliisikia ikigonga. Binti akarudi mezani akaandika yote mawili kwenye barua, mafunzo miaka mitatu na mazoezi wodini, akaifunga. Ameiposti leo asubuhi.