Ziara ya mashamba ya mvinyo mlimani Stellenbosch, Februari: tupangeje siku moja?

Mzabibu_Dom: Habari za jioni wakuu. Mwezi wa pili tutakuwa Cape Town, mimi, mke wangu na dada yangu ambaye hagusi pombe. Siku moja tumeitenga kwa mashamba ya mvinyo ya mlimani upande wa Stellenbosch: tuone kiwanda, tuonje, turudi salama. Mvinyo wa Dodoma naujua, huko sijawahi kufika. Twende wapi, mangapi kwa siku, na tukodi gari tuendeshe wenyewe? Chupa za kurudi nazo je?

Bi_Pipa: Karibu sana, kaka. Mashamba mawili yanatosha, matatu ndiyo mwisho. Kila moja lipe saa moja na nusu, na katikati mle chakula kamili. Chukua upande wa mlima Simonsberg: asubuhi chagueni Muratie au Delheim, ziko barabara moja ya Knorhoek, halafu mchana mpande njia ya Helshoogte mchague Thelema au Tokara, zinazotazamana na mabonde. Ni mwendo mfupi, hamtaumaliza mchana barabarani.

Watu wengi hukosea kudhani kuonja na kutembezwa kiwandani ni kitu kimoja. Kuonja kunapatikana karibu kila shamba. Kutembezwa ni kwa miadi, na si kila shamba hutembeza. Februari wamo kwenye mavuno, yanayoanza mwisho wa Januari hadi Machi, kwa hiyo andika mapema uulize wazi: "Tutaingia kwenye matangi na chumba cha mapipa, au tutakaa mezani tu?" Omba saa nne asubuhi. Zabibu huchumwa alfajiri zikiwa baridi, na muda huo mnaweza kukuta kreti bado zinamiminwa kwenye mashine ya kutenganisha punje na vikonyo.

Viatu viwe vya chini, vya soli isiyoteleza. Sakafu huoshwa kutwa nzima, na kisigino chembamba kitanasa kwenye wavu wa mtaro. Bebeni sweta, chumba cha mapipa kina ubaridi hata nje kukiwaka jua. Manukato acheni hotelini, yanafuta harufu ya mvinyo kwenu na kwa meza ya jirani.

Tena, msiinamishe kichwa kwenye tangi linalochachuka. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama juu ya maji ya zabibu, na mtu anaweza kuzimia kwa pumzi chache. Mwongozaji akisema simameni hapa, simameni.

Dereva_wa_Safari: Gari msiendeshe mkionja. Piga hesabu: mvinyo tano za mililita 30 ni mililita 150, glasi nzima. Mashamba matatu ni mililita 450, zaidi ya nusu chupa, na mvinyo wa huko mara nyingi una asilimia 13 au 14. Kikomo cha sheria Afrika Kusini ni gramu 0.05 za kilevi kwa mililita 100 za damu.

Dada yako kama ana leseni na yuko tayari, mmemaliza, maana wanaendesha kushoto kama kwetu. Hataki, kodini dereva wa siku nzima. Teksi za simu zitawafikisha mlimani, shida ni kuipata ya kurudi saa kumi na moja jioni. Kuna pia tramu ya mvinyo ya Franschhoek, mnashuka na kupanda mnapotaka, lakini hilo ni bonde jingine, ng'ambo ya Helshoogte.

Mzabibu_Dom: Shukrani wakuu. Dada ataendesha. Sasa mezani, nifanyeje nielewe ninachoonja? Na mlima una tofauti gani hasa na tambarare?

Mkulima_Miteremko: Mkuu, anza na mlima. Kila mita 100 unazopanda joto hupungua kama nyuzi 0.6. Usiku ukiwa wa baridi zabibu haipotezi uchachu wake haraka, hata sukari ikipanda mchana. Halafu angalia mteremko umeelekea wapi. Huko ni kusini mwa ikweta, mbali kuliko Dodoma, kwa hiyo upande unaotazama kusini hupata jua dogo na zabibu zake huiva taratibu. Kiangazi huvuma upepo mkali wa kusini-mashariki. Unapoza majani na kukausha unyevu unaoleta ugonjwa wa ukungu, ila unaweza kuvunja machipukizi. Chini ya miguu yenu kutakuwa na udongo wa itale (graniti) iliyooza, wenye mfinyanzi wa kutosha kuhifadhi maji ya mvua za baridi. Dodoma mnavuna mara mbili kwa mwaka. Kule mzabibu hulala majira ya baridi na kuvunwa mara moja tu.

Mezani, shika glasi kwenye mguu wake, kiganja kisiupashe mvinyo moto. Inamishe juu ya karatasi nyeupe: mwekundu mchanga ukingo wake ni wa zambarau, uliozeeka unaelekea rangi ya tofali. Nusa kabla ya kuzungusha, zungusha, nusa tena. Kisha funda dogo, livute na hewa kidogo, litembeze hadi kwenye ufizi. Mate yakijaa pembeni ya ulimi, huo ni uchachu. Ufizi ukikauka kama umetafuna ganda la ndizi mbichi, hiyo ni tanini, yaani ukakasi wa mvinyo. Tema kwenye ndoo, imewekwa kwa kazi hiyo na hakuna atakayekushangaa.

Mfuatano: wenye mapovu, mweupe, mwekundu mwepesi, mwekundu mzito, mtamu mwisho. Ukianza na mtamu, unaofuata utauona mkali bure. Kama umezoea mvinyo mtamu wa nyumbani, ule usio na sukari utakushtua kwa funda mbili za kwanza, usiuhukumu mpaka la tatu. Omba mweupe wa zabibu ya Chenin Blanc, ambayo wenyeji waliiita Steen, na mwekundu wa Pinotage, zabibu iliyozalishwa hapohapo Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kuchavusha mizabibu ya aina mbili, Pinot Noir na Cinsaut. Ukinusa harufu ya kadibodi iliyolowa, koki imeharibu chupa. Mwambie mhudumu kwa upole, atafungua nyingine.

Bi_Pipa: Kwa dada, uliza mapema kama wanayo juisi ya zabibu ya kuonja. Mashamba kadhaa huiandaa.

Mzigo_Kilo23: Chupa zikae kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi. Moja iliyojaa ni kilo 1.2 hadi 1.5, kwa hiyo sita zinakula kilo saba hadi tisa. Kila chupa mfuko wa plastiki, halafu nguo nene, katikati ya begi. Msiziache garini mnapokula: joto hutanua mvinyo na kusukuma koki.

Risiti ya kodi tunzeni, VAT ya asilimia 15 hurudishwa kwa mgeni aliyenunua zaidi ya randi 250. Pale uwanjani onyesheni chupa kwa forodha KABLA ya kukabidhi begi, likishaingia kwenye mkanda hamna madai. Na forodha ya Afrika Mashariki huruhusu lita mbili za mvinyo bila ushuru kwa mtu mzima, yaani chupa mbili za kawaida. Zinazozidi, zitajeni wenyewe mkifika.