Naombeni ushauri: dada wa kazi anakohoa tangu aoshe bafu

MamaJunior_Umoja: Habari za jioni, wadau. Dada wangu wa kazi anakohoa tangu mchana alipomaliza kuosha bafu. Anasema kifua kinambana na macho yanamwasha. Nimempa maziwa na tangawizi. Nimchukulie dawa gani ya kikohozi hapo kwa kemisti kabla hawajafunga?

Fundi_Tassia: Pole mama. Hiyo ni baridi ya Julai. Mimi mwenyewe nalala na sweta mbili.

Shosho_Kangemi: Siku hizi mnawaachia wasichana wa watu kazi yote. Sisi tulisugua kwa majivu na mchanga, na tulisugua wenyewe.

Nesi_wa_Zamu: Mama Junior, alioshea nini?

MamaJunior_Umoja: Vitu vya kawaida tu vya nyumba.

Nesi_wa_Zamu: Vitaje.

MamaJunior_Umoja: Jiki na asidi ya choo, ndoo moja. Lakini nielewe. Nahama mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba amesema vigae visiporudi weupe nisahau dipositi. Jiki peke yake haikutoa ile njano. Bafu halina dirisha, na mlango nilimwambia afunge kwa sababu harufu ilikuwa inamfikia mtoto. Nusu ya ukuta imetakata kabisa. Asidi nyingine nimeshanunua, kesho amalizie akiwa amejifunga leso puani.

Nesi_wa_Zamu: Leso haizuii gesi. Jiki ikikutana na asidi hutoa klorini, gesi ile ile Wajerumani waliyowafungulia wanajeshi kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa, hutuama chini pale pale mtu anapochuchumaa akisugua. Ikigusa unyevu wa macho, koo na mapafu hugeuka kuwa asidi. Maziwa huenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu. Na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, hata mtu akionekana amepata nafuu. Anapumua kwa mluzi? Ana pumu?

MamaJunior_Umoja: Kamluzi kapo. Pumu alikuwa nayo utotoni.

Mwalimu_Buruburu: Hata bila kuchanganya, hizi dawa si za kuchezea. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 6,000 waliofuatiliwa miaka 20. Mapafu ya wanawake waliosafisha, nyumbani au kazini, yalidhoofika haraka kuliko ya wasiosafisha. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana.

Fundi_Tassia: Mwalimu, futa hiyo upesi. Mke wangu akiisoma, choo ni changu mpaka kiama.

Mpelelezi_Eastlands: Mimi siamini. Akaunti imefunguliwa leo, mtu anakosa pumzi, na mwajiri ana nafasi ya kutuandikia aya nzima. Kesho tutaletewa binamu anayeuza sabuni ya mitishamba.

Shosho_Kangemi: Hata mimi nilianza kushuku.

MamaJunior_Umoja: Nimefungua leo kwa sababu shida imenipata leo. Siuzi chochote. Hospitali naogopa kwa sababu wataita mamake, na msichana atasema ni mimi nilimfungia humo. Ni mtoto wa jirani yetu kijijini.

Nesi_wa_Zamu: Iwe kweli iwe uongo, jibu langu ni lile lile, kwa maana kuna mwingine anasoma hapa akiwa na chupa mbili mkononi. Mvue nguo alizooshea, aoshe uso na macho kwa maji mengi, akae wima, mwende hospitali ya Mama Lucy usiku huu. Daktari mtajie vyote viwili, la sivyo atatibiwa mafua. Mamake mpigie wewe mwenyewe mkiwa njiani.

Fundi_Tassia: Nina rafiki wa teksi huko. Uko upande gani wa Umoja? Niandikie pembeni.

MamaJunior_Umoja: Nimekuandikia. Anavaa viatu. Ile asidi nyingine niimwage chooni nisiione tena?

Nesi_wa_Zamu: Usimwage! Choo bado kina jiki. Ifunge kifuniko uiache hapo ilipo. Fungua madirisha yote, na mtoto mpeleke kwa jirani.