Halmashauri inataka kutoza pipa la pili la majani, nami nimeandikishwa kuongea mbele ya madiwani. Nisemeje?

Mtoto wa Muheza
Wakuu, habari za Ijumaa. Naomba ushauri, hasa kwa mliokaa Uingereza siku nyingi.

Nyumba yangu ni ya kona. Ina nyasi mbele na nyuma, na upande wa barabarani kuna ua wa miti mrefu kama basi. Miaka yote nalipia pipa la kahawia la majani, pauni hamsini na ushee kwa mwaka, na ukiomba la pili unapewa bure. Sasa wakubwa wa halmashauri wamepitisha kila pipa la ziada lilipiwe sawa na la kwanza. Madiwani wengine wamegoma, wameuvuta uamuzi kwenye kamati ya kuwahoji hao wakubwa. Kikao ni Alhamisi ijayo. Jirani yangu, babu mmoja wa Kiingereza, kaniandikisha niongee dakika 3 bila hata kuniuliza! Eti mimi ndiye mwenye ua mkubwa kuliko wote mtaani.

Kuanzia Aprili nakata nyasi Jumamosi, na pipa linajaa Jumamosi hiyohiyo, wakati gari linapita kila baada ya wiki mbili. Kifuniko kisipofunga hawagusi, wanakubandikia karatasi tu. Mama alipokuja kututembelea aliuliza, "Majani nayo yanalipiwa?" Kesho yake alfajiri kafagia uwanja, kakusanya lundo, kalitia moto kama yuko Muheza. Mashuka ya babu yalikuwa kwenye kamba.

Nimepanga kuwaambia: kodi ya halmashauri tunalipa, kututoza tena ni uonevu. Inatosha?

Bibi wa Leeds
Pole mwanangu, na kiberiti kifiche. Huku hakuna sheria inayokataza moto wa bustani moja kwa moja, ila moshi ukiwa kero kwa majirani halmashauri inaweza kukushughulikia.

Hoja yako hiyo wataizima kabla hujakaa. Sheria ya mazingira ya 1990 inasema taka za nyumbani zichukuliwe bure, isipokuwa zilizotajwa kwenye kanuni. Kanuni za 2012 zimezitaja za bustani. Serikali kuu yenyewe iliwahi kufikiria kuzifanya bure England nzima, halafu 2023 ikaziachia halmashauri ziendelee kutoza.

Kipanga
Lipa tu mkuu, hiyo si hela ya kukosea usingizi.

Bibi wa Leeds
Kipanga, wewe unakaa ghorofa ya sita. Nyasi unaziona kwenye mpira.

Karani Mstaafu
Nimeandaa vikao vya halmashauri huku miaka mingi, ngoja nikupe ya jikoni.

Kwanza, hiyo kamati haiwezi kufuta uamuzi. Imeundwa na madiwani wasio kwenye baraza tendaji, yaani hao wakubwa waliopitisha, na kazi yao ni kuwabana walioko huko. Kwenye shauri kama hili, silaha yao ni kuurudisha uamuzi kwa waliouamua ili waufikirie upya, na wenyewe wanaweza kuurudia vilevile. Kwa hiyo usiende kulalamika, nenda ukawape madiwani swali la kuuliza.

Na swali lipo. Sheria hiyo ya 1990 haikuwapa ruhusa ya kutoza wanavyotaka, inasema malipo yawe ya kiasi kinachostahili. Gari limeshafika mlangoni kwako kuchukua pipa la kwanza. Dereva kalipwa, dizeli imeshaungua. La pili linaongeza nini? Kijana kulisukuma na kulining'iniza nyuma ya gari, na kiasi wanacholipa kwa kila tani inayopelekwa kugeuzwa mboji. Gharama ipo, usiikane, watakuona mjanja-mjanja. Ila iweje ilingane na ya la kwanza? Waombe hesabu.

Ajenda na ripoti hutakiwa kuwa wazi kwa umma siku 5 kamili kabla ya kikao, kwa hiyo saa hizi ipo kwenye tovuti yao. Maneno matamu ya mwanzo ruka, nenda sehemu ya fedha.

Mama Mchicha
Wakati mnangoja madiwani, tengeneza mboji. Nyasi mbichi peke yake zinaoza na kunuka kama samaki wa jana. Chanachana maboksi ya katoni, weka tabaka la nyasi, tabaka la katoni. Na siku kavu toa kile kikapu cha mashine ya kukatia nyasi, vipande vianguke palepale, ardhi itavila.

Ua huo usiuguse hovyo Machi hadi Agosti, ndege wanataga. Kuharibu kwa makusudi kiota kinachotumika ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 1981.

Kivani Cheupe
Tahadhari na wale wa "nipe ishirini nikubebee". Akiyamwaga porini, wewe mwenye nyumba unaweza kupigwa faini, hadi pauni 600. Muulize usajili wake wa kubeba taka kisha uhakikishe mwenyewe mtandaoni. Kama una gari, peleka kituo cha taka cha halmashauri, majani ya nyumbani wanapokea bure.

Mtoto wa Muheza
Asanteni sana. @Karani Mstaafu, ripoti nimeipata. Ukurasa wa fedha una mstari mmoja tu: idadi ya mapipa ya ziada mara bei ya pipa la kwanza, basi. Wamehesabu watakachopata, gharama ya kulichukua haipo popote. Hata hawajafikiria kwamba wengine watalirudisha pipa.

Nimeandika swali langu, uonevu nimeutoa. Jana babu kanifanyisha mazoezi juu ya uzio, kashika saa ya mkononi kama refa. Dakika 1 na sekunde 50. Kasema nipunguze kasi, na kwamba Alhamisi atakaa mstari wa mbele.

Karani Mstaafu
Hapo sawa. Chapa nakala za swali uwagawie madiwani kabla hamjaanza. Wengi wao ripoti watakuwa hawajaifungua.