Wenyeji wa Kongwa, huu mji na hii ranchi vilianzaje?

Mgeni_wa_Mbande

Wakuu habari za jioni. Mimi nimehamia Kongwa kikazi mwaka huu, kabla ya hapo nilikuwa napita tu na basi la Dodoma, naona kibao cha Narco, ile kampuni ya taifa ya ranchi, pale barabarani na ng'ombe weupe wanachunga mbali, basi, nasinzia tena. Sasa naishi hapa na kila nikikaa na wazee kijiweni napata historia tofauti. Mmoja anasema mji huu umeletwa na Wazungu wa karanga, mwingine anasema ni kambi ya wapigania uhuru, mwingine ananiambia hapa ni pa ng'ombe toka enzi na enzi na hayo mengine yalipita tu. Pia nimesikia eti treni ilikuwa inafika hapa, mbona sioni reli? Naomba mwenye kujua anipangie kipi kilianza na kipi kikafuata, nafundisha shule na watoto wananiuliza. Natanguliza shukrani.

Mwl_Somo_la_Historia

Karibu sana Kongwa mwalimu mwenzangu. Wazee wako wote watatu wako sahihi, ila kila mmoja ameshika kipande chake.

Karanga ni hivi. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, watu wanagawiwa kwa kipimo, ndo mwaka 1946 wakatuma timu ya wataalamu chini ya John Wakefield izunguke Afrika Mashariki na Kati kutafuta ardhi. Wakaja na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, kwa pauni milioni 25, na sehemu kubwa iwe hapa Tanganyika, yaani Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ndiyo ikawa ya kwanza, kazi ikaanza 1947 chini ya kampuni ya United Africa, mwaka uliofuata ikachukuliwa na shirika la serikali yao, Overseas Food Corporation. Mwaka wa kwanza walipanga kufyeka ekari 150,000 na hawakufika hata robo, hawakufika popote karibu na hapo.

Sababu ni nyingi lakini kubwa ni ardhi yenyewe. Udongo wa Kongwa mvua ikikata unakuwa kama saruji, majembe ya trekta yanalika, karanga zenyewe zinakaa chini na kuzing'oa ni shida, halafu mvua za huku unazijua mwenyewe, mwaka huu zipo mwakani hazipo. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi, mengine walitengeneza kutokana na vifaru vya Sherman, unaambiwa vifaru kabisa vinang'oa vichaka, na bado mizizi ikavishinda. Mibuyu nayo usiseme, ukiusukuma mbuyu nyuki wanatoka wanawafukuza wafanyakazi wote. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza basi, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36.

Reli ilikuwepo kweli. Lilikuwa tawi kutoka Msagali kwenye Reli ya Kati kuja Kongwa mpaka Hogoro, mradi ulipokufa na reli ikang'olewa ndani ya miaka hiyo hiyo ya 50. Shule nayo ilikuwepo, ya watoto wa Kizungu, ilifunguliwa 1948 wakasoma kwenye majengo ya mradi, mwishoni mwa miaka ya 50 ikahamishiwa Iringa.

Mjukuu_wa_Mgogo

Mbukwenyi wote. Mwalimu umeeleza vizuri ila mimi naumia kila historia ya Kongwa ikianzia 1947 kama vile kabla ya hapo palikuwa pori tupu linasubiri trekta. Wagogo walikuwa hapa na ng'ombe wao, na Wakaguru upande wa milimani. Babu zetu walijua mvua ya huku haiaminiki ndo maana wakaweka akiba yao kwenye ng'ombe, mtama ukikataa unauza au unabadilisha mnyama kwa chakula, na ng'ombe wengine unawakopesha kwa ndugu na marafiki mbali ili ukame ukipiga huku wapone kule. Huo ndio ulikuwa uchumi kamili, na wenye akili nyingi.

Ulivunjwa mara nyingi. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe vibaya sana, halafu vita kuu ya kwanza majeshi ya Wajerumani na Waingereza yakachukua nafaka na mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, ikafuata njaa ya Mtunya ambayo bibi zetu walikuwa wanahesabia umri nayo, nani alizaliwa kabla na nani baada. Kwa hiyo Mzungu aliyefika 1946 akaona vichaka na watu wachache alikuwa anaona nchi iliyotoka kuumia, haikuwa nchi isiyo na wenyewe. Waambie watoto na hilo mwalimu, tafadhali.

Mtoto_wa_Ranchi

Mimi nimekulia kota za ranchi, mzee wangu alikuwa mchungaji na baadae akawa kwenye josho, acha niongezee upande wa ng'ombe.

Karanga ziliposhindikana ile ardhi iliyokwisha fyekwa haikuachwa. Vichaka vimeondoka, nyasi zimeota zenyewe, ndo wakaanza kuweka ng'ombe. Katikati ya miaka ya 50 mali za mradi zikaenda kwa shirika la kilimo la Tanganyika, TAC, na ufugaji ukawa ndo kazi yenyewe. Baada ya uhuru ranchi ikawa ya umma na kwenye miaka ya 70 ikaingia NARCO mpaka leo. Ni kubwa, kama hekta 38,000. Hao weupe unaowaona ni Boran, wana nundu, wanavumilia jua na kiu na wanaweka nyama. Wapo pia mbuzi na kondoo weusi kichwani.

Watu wanadhani ranchi ni kuachia ng'ombe wale tu. Hapana. Unagawa malisho, huku wanakula kule panapumzika, mvua ikiwepo unakata majani unafunga marobota ya kiangazi, malambo unayatunza, kupe unawaogeshea maana ndigana kali ikiingia inabeba ndama wengi. Mzee wangu alikuwa anamjua ng'ombe mgonjwa kwa jinsi anavyobaki nyuma ya wenzake. Hapo hapo Kongwa kuna kituo cha utafiti wa malisho, na Mpwapwa jirani kuna kituo cha mifugo cha toka enzi za Mjerumani, 1905, kule ndiko ilitoka ile mbegu ya ng'ombe wa Mpwapwa. Kwa hiyo ukanda huu ni shule ya ng'ombe kwa nchi nzima, na mimi naona fahari sana kwa hilo.

Mpenda_Nchi

Kambi je? 1964 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa wapigania uhuru sehemu ya hayo hayo majengo yaliyoachwa na karanga. FRELIMO wa Msumbiji wakatangulia, Samora Machel mwenyewe alikuwa hapo, wakaja SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, ZAPU wa Zimbabwe, MPLA wa Angola. Chris Hani kapita Kongwa. Vijana wa SWAPO waliopigana Omugulugwombashe, kule Namibia, Agosti 1966 walianzia safari yao hapa. Wanajeshi wa nchi tano wanaishi jirani na ranchi, wanapanda mahindi yao, wanacheza mpira na wenyeji, wengine waliacha watoto, na waliofia hapa makaburi yao yapo. Mji mdogo kiasi hiki kubeba mzigo ule, na Wareno na Makaburu wako hai wanaangalia, halikuwa jambo jepesi hata kidogo.

Mgeni_wa_Mbande

Aisee asanteni mno, nimesoma mara mbili. Mjukuu wa Mgogo hiyo ya Mtunya nitaanza nayo. Swali moja la mwisho, nikitaka kuwapeleka wanafunzi waone ranchi na makaburi naanzia wapi?

Mtoto_wa_Ranchi

Ranchi andika barua ya shule uipeleke ofisini kwao mapema, usiende tu na basi la watoto. Omba siku ya josho, asubuhi, ndo watajifunza kitu. Makaburi pitia halmashauri kwanza, na kama una mzee wa hapa aliyewahi kuishi na wale vijana nenda naye, atawaonesha majengo yaliyokuwa ya kambi ambayo ukipita mwenyewe utadhani ni nyumba za kawaida tu.