Polisi mnatuomba taarifa, halafu mnatuanika mtaani. Mnataka tufe ndiyo mjue tumetoa ushirikiano?

Wakuu, nimekaa na hili jambo wiki tatu nikijipa moyo kwamba litaisha lenyewe. Haliishi. Leo nalimwaga hapa. Kituo sitaji, kata sitaji, maana wenye akili wataniunganisha mara moja, na mimi nimeshaunganishwa vya kutosha.

Nina kiduka cha rejareja hapa Dar. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna chumba ambacho hakilali mpangaji, kinalaza mali za watu. Leo mitungi ya gesi, kesho TV, keshokutwa betri za bajaji, vyote vinashushwa usiku wa manane kwa toroli. Mtaa mzima unajua na mtaa mzima umekaa kimya. Kilichonishinda mimi ni mtungi wa mama ntilie wa pale kona. Mama wa watu aliuchora msalaba kwa rangi ya kucha ili wasimbadilishie akienda kujaza. Nikauona ule msalaba mwekundu unaingia mle ndani, roho ikagoma.

Nikapiga namba iliyobandikwa ukutani ofisi ya serikali ya mtaa, yenye maneno "taarifa zako zitakuwa siri". Swali la kwanza la afande: jina kamili. La pili: unaishi wapi. La tatu: unafanya kazi gani. Nilipomwomba jina langu asiliandike, akaniuliza, "Sasa tutajuaje kama hutudanganyi?" Nikatoa. Ujinga wangu huo, nakubali.

Kesho yake saa nne asubuhi difenda ikaja. Haikusimama kwenye ile nyumba, ilisimama mbele ya duka langu! Simu yangu ikaita. Namwona askari kupitia nondo za dirisha la duka, simu sikioni, macho kwangu, anasema, "Toka basi utuoneshe nyumba yenyewe." Vijana wa kijiweni walikuwa wanacheza drafti pale chini ya mwarobaini. Waliacha drafti. Nikatoka, nikanyoosha mkono nikajifanya namwelekeza njia ya sokoni. Hivi pale nani alimdanganya nani?

Vijana wawili wakakamatwa, mali zikapatikana, mama ntilie akapata mtungi wake. Mimi nikaitwa kituoni kuandika maelezo. Kaunta buku limefunguliwa wazi juu ya meza, jina langu, namba yangu, na pembeni kwa kalamu nyekundu: "mtoa taarifa". Kwenye benchi, hatua mbili kutoka hapo, amekaa kaka wa mmoja wa watuhumiwa aliyekuja kumwekea dhamana mdogo wake. Nilimgeuzia afande lile buku lifungwe, akaniambia nisiguse nyaraka za serikali.

Dhamana ni haki yao, sina ugomvi nayo. Ijumaa wakatoka. Jumamosi jioni mmoja akaja dukani, akanunua sigara moja, akalipa bila kuomba punguzo, kisha akaniita majina yangu yote matatu taratibu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Jina la babu yangu mtaani hapa halijui mtu. Akawasha sigara, akaondoka. Hakutukana wala hakutishia.

Alilipata wapi? Hata kama hawakusoma jina kwenye buku, namba ilitosha. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Ukiingiza namba ya mtu kwenye kutuma pesa, jina lake linajitokeza kabla hujatuma hata shilingi. Kwa hiyo anayeacha namba ya mtoa taarifa wazi mezani ameacha kitambulisho chake pale. Hili linamshinda nini polisi wa mwaka huu kulielewa?

Na msiniambie hakuna sheria. Ipo, Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi, Na. 20 ya mwaka 2015. Imekaa kwenye makabati huko Dodoma na kwenye hotuba za semina. Kwenye kaunta ya kituo haijafika.

Halafu mkubwa anasimama mbele ya kamera anasema wananchi hawatoi ushirikiano. Kweli? Mmesahau Kibiti, Rufiji na Mkuranga 2016 na 2017? Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa mmoja baada ya mwingine. Aprili 13, 2017 askari 8 wakauawa huko huko Kibiti. Mtu aliyepita kipindi kile hahitaji kufundishwa kwa nini jirani yake anafunga mdomo. Nyie wenyewe mnatembea na bunduki na bado mliuawa, mimi natembea na ndala.

Mbona njia zipo. Kule Albuquerque, Marekani, mwaka 1976 walianzisha mpango wa Crime Stoppers: mpigaji haulizwi jina, anapewa namba ya siri, na akitaka kufuatilia au kuchukua zawadi anatumia namba hiyo. Karibu miaka 50 sasa. Majirani zetu Kenya wana namba ya bure ya DCI, idara yao ya upelelezi wa jinai, 0800 722 203, na wanatangaza kwamba huhitaji kujitambulisha. Sisemi kwao ni peponi, nasema walau walifikiria. Hapa hata kumpa mtu namba ya faili badala ya jina kunahitaji bajeti? Kuipaki difenda mtaa wa pili kunahitaji mfadhili? Kumpigia mtu simu usiku badala ya kumwita nje mchana kweupe kunahitaji kibali cha IGP?

Kuna watakaokuja hapa kuniambia "ungeripoti kwa mjumbe". Mjumbe wetu ni shemeji wa mwenye ile nyumba. Wengine mtasema nihame. Nihame na duka kichwani? Mke wangu ameshawapeleka watoto kwa mama yake Morogoro, duka nafunga saa kumi na mbili jioni, na wateja wa usiku ndio waliokuwa wananilisha.

Juzi saa nane usiku nikasikia msumeno unakata kufuli la geti la jirani wa nyuma. Sauti ya chuma kwa chuma, inakatika, inaanza tena. Simu ilikuwa mkononi, nimeshaandika 112. Nikafuta tarakimu moja moja, nikaifunika simu kwa mto ule mwanga usionekane dirishani.

Asubuhi polisi walikuja kuuliza nani ameona. Mtaa mzima ulikuwa umelala.