Mrejesho: Mhariri mgeni alivyonijibu kuhusu redio na habari za mtandaoni

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Majuma mawili yaliyopita niliwauliza iwapo mimi, mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari niliyebakiza muhula mmoja, nijikite kwenye redio au niingie moja kwa moja katika habari za mtandaoni. Wengi mlinishauri nimsubiri mhariri aliyealikwa chuoni kwetu, Dar es Salaam.

Amekuja, nami nimemuuliza. Alisema swali lenyewe limepitwa na wakati, kwa kuwa redio hiyohiyo itanitaka nirekodi sauti, nipige picha na kuandika habari fupi ya tovuti kabla sijarudi ofisini. Kisha akachukua picha ya mafuriko ya Jangwani iliyokuwa ikisambaa WhatsApp asubuhi hiyo, akaipitisha TinEye, tovuti inayotafuta mahali picha ilikokwisha kutokea mtandaoni, na papo hapo ikaonekana kuwa ilikwisha kuchapishwa miaka kadhaa nyuma. Mimi ndiye niliyeituma kwenye kundi la darasa, nikabaki nimeinamisha kichwa. Alituonyesha pia namna ya kuhifadhi nakala ya ukurasa katika Wayback Machine, hazina ya mtandaoni ya nakala za kurasa za tovuti, kabla mwenye ukurasa hajaufuta, jambo ambalo kwa maoni yangu lilistahili kipindi kizima.

Kuhusu ajira hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kama mwandishi wa habari, inadaiwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, lakini yeye huanza kwa kutazama kazi ambazo mwombaji amekwisha kuzifanya.

Jumatatu naanza mafunzo kwa vitendo katika redio ya jamii. Ndugu uliyenishauri ninunue kinasa sauti, nimekinunua, ingawa mhariri alidai simu ingetosha.